Bega Moja, Mbao Mbili

Kuna walioniandikia kuuliza mbona kimya, na mmoja akauliza waziwazi kama nimeshadisko. Sijadisko jamani, nipo Mlimani nadunda kama kawaida. Kimya kimetokana na jambo moja ambalo nilikuwa nalizungusha kichwani, nikaona nilimalize kwanza ndo niandike. Jambo lenyewe ni bega. Bega la kulia. Daktari wa mifupa alinipa nafasi ya kufanyiwa upasuaji na nikatakiwa nijibu ndiyo au hapana, na kama ni ndiyo, lini. Nimeshajibu. Ila kabla ya kuwaambia jibu naomba niwapitishe njia niliyopita, manake najua wapo humu wenye goti, wenye mkono, wenye kiuno, ambao na wao wanazungushwa na swali kama hili.

Kwa wageni: nasoma ualimu mwaka wa pili, masomo yangu ya kufundishia ni Jiografia na Kiswahili. Nimekulia Msasani. Tangu nina miaka kumi na mbili napanda mawimbi pale Coco Beach. Ndiyo, hapahapa Dar es Salaam. Nikimwambia mtu kampasi ananiangalia kama nimemwambia nacheza kwenye theluji. Anajua ni mambo ya Hawaii na Australia, na wengine ndo kwanza waliuona kwenye Olimpiki, kwani uliingizwa kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, na ile ya 2024 ukafanyiwa Tahiti, mbali kabisa na Paris. Kwetu hakuna mawimbi ya kutisha namna ile. Lakini kusi ikikaza, kuanzia Juni mpaka Septemba, bahari inachafuka, na maji yakijaa juu ya mwamba unapata wimbi la kutosha kumbeba mtu. Tulianza na vipande vya plaiwudi. Ubao wa kweli niliupata baadaye, wa mkono wa pili, kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao.

Sasa huo nao tunauita ubao. Wa darasani ni ubao, wa baharini ni ubao. Washkaji zangu wa chumbani wananitania kwamba nina mbao mbili na bega moja. Utani, lakini ndo hali halisi, na mtaona huko mbele.

Mara ya kwanza bega lilichomoka Agosti, ule mwaka niliomaliza kidato cha sita. Wimbi lilivunjika mbele yangu, nikaushika ubao kwa mkono wa kulia ili nipite chini yake, wimbi likauchukua ubao pamoja na mkono. Maumivu yake siyaelezi. Unajua tu kwamba kuna kitu hakipo mahali pake. Walinitoa majini, nikapelekwa hospitali, nikachomwa sindano, wakalirudisha. Mkono ukafungwa shingoni wiki tatu, nikaambiwa nimepona.

Mara ya pili ilikuwa kwenye daladala. Nimesimama, nimeshika bomba la juu, dereva akakanyaga breki kumkwepa bodaboda. Abiria wote walisogea mbele, mimi nikasogea mbele ila mkono ukabaki nyuma. Mara ya tatu, hii mtacheka, nilikuwa usingizini. Nimelala chali mkono juu ya kichwa, nikajigeuza. Mwenzangu wa chumba aliamka akidhani tumevamiwa.

Na kuna mara ya nne ambayo haikufika mwisho. Tulikuwa tunafundishana wenyewe kwa wenyewe darasani kujiandaa na mazoezi ya kufundisha. Zamu yangu ilipofika nikaandika kichwa cha somo juu kabisa ya ubao. Nikiwa katikati ya neno nikasikia bega linasogea, kama droo inayofunguka yenyewe. Chaki ikaanguka. Nilibana mkono kifuani, nikaendelea na somo kwa mdomo mtupu. Wenzangu wakanipa alama nzuri kwa kujiamini! Hawakujua kwamba nilikuwa naogopa kupumua.

Siku ile ndo niliamua kumwona daktari wa mifupa. Nilipigwa eksirei, baadaye MRI, na daktari akanikalisha akanichorea kwenye karatasi. Naomba nieleze alivyonieleza, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa natumia mkono huu kila siku bila kujua umeshikiliwa na nini.

Kiungo cha nyonga, alisema, ni kama mchi ndani ya kinu. Kuuchomoa ni kazi. Bega ni kama chungwa juu ya kisahani. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na cha duara, na pale kinapokaa ni padogo na pafupi. Hiyo ndiyo sababu unaweza kuzungusha mkono pande zote, na hiyo hiyo ndiyo sababu bega huchomoka kirahisi. Kuzunguka kisahani kuna ukingo wa gegedu, laini lakini imara, na karibu nusu ya kina cha kisahani kinatokana na ukingo huo. Halafu kuna kano na misuli inayovuta chungwa likae katikati. Langu, lilipotoka mara ya kwanza, lilibandua ule ukingo upande wa mbele chini. Fikiria mpira wa mlango wa friji ulioachia kona moja. Mlango unafunga, ila haushiki. Na kila likitoka, kichwa cha mfupa kinajigonga kwenye kingo za kisahani, kwa hiyo nyuma ya kichwa pameshapata kishimo kidogo.

Upasuaji wenyewe ni wa matundu madogo. Wanaingiza kamera, wanapachika nanga ndogo kwenye mfupa wa kisahani, nanga zina nyuzi, na kwa nyuzi hizo wanaufunga ukingo urudi mahali pake. Ndiyo, zinaitwa nanga. Nilivyomsimulia mjomba wangu, ambaye maisha yake yote ni bahari, alicheka mpaka akakohoa.

Mimi ni mtu wa maktaba, mnanijua. Nilikwenda kusoma. Kumbe tabu hii ni ya kale sana. Wagiriki wa enzi za Hippocrates, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, walikuwa wanamchoma mgonjwa kwapani kwa chuma cha moto ili kovu likaze bega. Nilisoma hayo nikashukuru kuzaliwa karne hii. Mwaka 1923 daktari wa Kiingereza, Arthur Bankart, akaandika kwamba ugonjwa wenyewe uko kwenye ule ukingo uliobanduka, na dawa ni kuurudisha. Mpaka leo jeraha langu linaitwa kwa jina lake. Mwaka 1954 Mfaransa Michel Latarjet akaleta njia nyingine, ya kukata kipande cha mfupa wa jirani na kukipachika mbele ya kisahani kiwe kizuizi. Hiyo inatumika zaidi pale mfupa wa kisahani umeshalika sana. Wangu bado haujafika huko. Shikeni neno hilo "bado", nitalirudia.

Halafu nikatafuta namba. Nilitaka mtu aniambie: ukiliacha, litakuwaje? Nikakuta kazi ya daktari mmoja wa Sweden, Lennart Hovelius, na wenzake. Walichukua watu wa miaka 12 hadi 40 ambao bega limechomoka kwa mara ya kwanza, wakawatibu bila kuwapasua, kisha wakawafuatilia miaka 25. Robo karne jamani, mimi sijafikisha umri huo! Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Katika mabega 229, asilimia 43 hayakuchomoka tena kabisa. Asilimia 27 yaliishia kufanyiwa upasuaji. Yaliyobaki yalichomoka tena mara moja au nyingi, ingawa baadhi yalikuja kutulia yenyewe miaka ilivyokwenda. Na zile wiki tatu za kufungwa mkono shingoni hazikubadilisha chochote, aliyefungwa na asiyefungwa walikwenda sawa. Kilichobadilisha ni umri. Ukiwa kijana zaidi, hatari ya kurudia ni kubwa zaidi.

Mwanzoni ile 43 ilinifurahisha. Nikamwambia mwenzangu wa chumba, "Kaka, karibu nusu yao walipona bila kisu!" Yeye anasoma Hisabati. Aliniangalia kwa huruma akasema, "We umeshatoka kwenye hiyo arobaini na tatu. Ulitoka siku ya daladala." Nikanyamaza. Kweli, namba ile inahesabu watu ambao halikuwachomoka tena hata mara moja. Mimi niko kwenye kundi lililobaki, na humo swali si kama litatoka tena. Swali ni kama litatulia kabla halijaharibika.

Nikatafuta na upande wa pili. Kuna utafiti wa Kanada wa mwaka 1999, wa Alexandra Kirkley na wenzake, kwa vijana chini ya miaka 30 waliochomoka mara ya kwanza. Baada ya miaka miwili, wasiopasuliwa lilikuwa limerudia kwa asilimia 47, waliopasuliwa asilimia 16 hivi. Tofauti ni kubwa. Lakini oneni, 16 si sifuri. Unaweza kulala kwenye meza, ukashonwa, ukakaa miezi kwenye mazoezi, na bado likatoka. Na daktari alinitajia mengine bila kuficha: maambukizi, bega kukakamaa usiweze tena kuugeuza mkono nje kama zamani, mshipa wa fahamu kuguswa. Hayatokei kwa wengi, ila yapo na unaweka sahihi kwamba umeambiwa.

Sasa nije kwa watu, manake karatasi peke yake haiamui.

Wa kwanza ni mjomba. Yeye bega lake la kulia lilianza kuchomoka kabla sijazaliwa. Alikuwa mvuvi wa kimia, wale wanaosimama majini au kwenye mtumbwi na kuurusha wavu ufunguke kama mwavuli. Ule mrusho ndo uliokuwa unalitoa. Hakupasuliwa. Alikuwa anakandwa na bibi mmoja, anapumzika, anarudi, linatoka tena. Nilikwenda kwake Jumapili moja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Bega linasemaje?"

Nikamweleza yote. Akanisikiliza huku anaparua samaki kwa mkono wa kushoto. Nikamuuliza lake lilitulia lini. Akafikiri.

"Limetulia, ndiyo. Miaka kumi na zaidi halijatoka. Lakini usidhani lilitulia lenyewe. Niliacha kimia. Nikaenda kuuza samaki Feri. Nalala ubavu mmoja. Kitu cha juu namwambia mtu anishushie. Bega halikupona mjomba, lilinihamisha kazi."

Nikamuuliza anajuta? Akasema hajuti, wakati ule pesa haikuwepo na wa kumweleza hakuwepo. "Ila wewe yupo wa kukueleza," akasema, akaendelea na samaki wake.

Maneno yale nilitembea nayo wiki nzima. Nikirudi kwenye zile namba za Sweden, yale mabega yaliyotulia yenyewe, nikajiuliza mangapi yalitulia kwa sababu mwenyewe aliacha kufanya alichokuwa anafanya? Jedwali halisemi.

Wa pili ni mama. Mama anaogopa nusukaputi. Jirani yetu mmoja aliingia chumba cha upasuaji anatembea na hakutoka hai, kwa hiyo kwa mama hofu hiyo ina jina na ina kaburi, huwezi kuijibu kwa asilimia. Sikubishana naye. Nilimwomba aje tuonane na daktari pamoja. Alikuja amevaa kitenge cha sherehe. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza lile swali la akina mama wote.

"Samahani daktari, angekuwa mwanao?"

Daktari akasema, "Mama, ningemuuliza kwanza huo mkono anautaka kwa kazi gani."

Njiani kurudi mama akaniuliza, "Ukiamka salama, utarudi tena kwenye hayo maji?"

Ningeweza kusema hapana ili alale usingizi. Nikasema, "Nitarudi mama."

Akakaa kimya vituo viwili vizima. Kisha akasema, "Haya, angalau tunajua tunachokipasulia."

Washkaji wao wana dawa nyepesi. Wa kwanza ananiambia, acha bahari, tatizo limeisha. Wa pili ananitumia picha za Bethany Hamilton, yule dada wa Hawaii aliyeng'atwa na papa mwaka 2003 akiwa na miaka 13, akapoteza mkono wa kushoto, na kabla mwezi haujaisha akawa amerudi kwenye mawimbi. "Mwenzio hana mkono kabisa!" Namheshimu sana dada yule. Lakini yeye hakupewa nafasi ya kuamua juu ya mkono wake, papa aliamua. Mimi wangu upo, unaning'inia hapa, na unaningoja.

Huyu wa "acha bahari" nilimjibu hivi: hesabu vizuri. Bega limetoka mara tatu. Baharini mara moja. Daladala mara moja, kitandani mara moja. Na lilijaribu kutoka ubaoni. Nikiuacha ubao wa baharini, nitaacha na daladala? Nitaacha kulala? Nitaacha kuandika? Hapo ndo niligundua kwamba nilikuwa nalitazama jambo hili kama la mchezo, na watu wote walikuwa wananishauri kama mtu wa mchezo, kumbe ubao unaonidai zaidi ni ule wa darasani. Bahari nikiamua naiacha. Ualimu ni miaka zaidi ya thelathini ya kunyanyua mkono wa kulia kila siku ya Mungu.

Na ndipo lilipokuja suala la lini. Daktari alikuwa na nafasi mara tu baada ya mitihani ya muhula huu. Lakini baada ya mitihani ndo tunakwenda mazoezi ya kufundisha, yale tunayoita TP. Nimepangiwa sekondari moja huko Handeni. Baada ya upasuaji mkono unafungwa wiki nne mpaka sita. Miezi mitatu hivi unarudisha nguvu za shughuli za kawaida. Miezi sita, pengine zaidi, kabla ya mchezo wa kunyanyua mkono juu. Nikipasuliwa kabla ya TP, TP hakuna, na bila TP nachelewa kumaliza. Mama analipa sehemu ya ada kwa kikoba. Kuchelewa mwaka si neno dogo nyumbani kwetu.

Upande wa pili kuna lile neno "bado". Kila likitoka linakula mfupa. Likitoka mara nyingi nikisubiri, ule upasuaji wa nanga unaweza usitoshe tena, ikabidi niende kwenye njia ya Latarjet ya kukata na kupachika mfupa. Kusubiri nako kuna bei yake.

Aliyenisaidia hapo ni dada wa mazoezi tiba. Hakunihubiria. Alinisimamisha mbele ya ukuta akanipa chaki akaniambia, "Andika kama unavyofundisha." Nikaandika. Akaniuliza, "Mbona umejigeuza upande?" Nikamwambia tunafundishwa hivyo chuoni, mwalimu asiwape wanafunzi mgongo, unaandika huku umegeuka nusu unawatazama. Akasema hapo ndipo penye shida. Ukigeuka nusu, mkono unakuwa pembeni na nyuma ya mwili, kiganja kimeangalia mbele, yaani mkao uleule wa bomba la daladala, uleule wa kulala mkono juu ya kichwa. Chungwa linasukumwa mbele, na mbele ndo ukingo umebanduka. Lakini nikisimama nikiutazama ubao, kiwiko kikiwa mbele ya mwili, nisipite usawa wa paji la uso, bega linakaa.

Akachora mstari ukutani kwa chaki. "Chini ya huu ni kwako. Juu ya huu si kwako, mpaka ushonwe."

Basi, hili ndilo jibu nililompa daktari.

Nitapasuliwa. Ila nitapasuliwa mwishoni mwa Septemba, TP ikiisha, kabla muhula mpya haujaanza. Wiki sita za kufungwa mkono zitaangukia siku za kujisajili na mwanzo wa vipindi, nitaandika kwa kushoto au nitanakili kwa wenzangu, mitihani ya Februari itanikuta mkono uko huru. Miezi sita inaisha Machi. Aprili na Mei ni masika, sina haraka nayo. Kusi ikirudi Juni, nitakuwa na miezi minane mpaka tisa, na hapo daktari ndo atasema kama naingia majini au la. Kusi ya mwaka huu siionji. Nitakuwa Handeni, hata harufu ya chumvi hakuna, na nadhani ni heri.

Kuanzia sasa mpaka Septemba nafanya mazoezi mara tatu kwa wiki. Nimekata tyubu ya baiskeli nimeifunga kwenye nguzo ya kitanda, navuta kwa ndani, navuta kwa nje, kiwiko kimebanwa ubavuni. Mazoezi hayaunganishi ukingo uliobanduka, niliambiwa hivyo wazi. Yanaipa misuli nguvu ya kulishika chungwa wakati tunasubiri. Daladala nakaa, au nasubiri nyingine. Kitandani nalala nimekumbatia mto. Na tumekubaliana sharti moja na daktari: likitoka hata mara moja kabla ya Septemba, TP au si TP, narudi na tunapanga upya. Mama nimemwambia sharti hilo na ameliandika kwenye kalenda, kwa hiyo siwezi kulikwepa.

Darasani nitatumia manila. Usiku nitaandika kichwa cha somo na michoro kwenye manila kwa kalamu nene, asubuhi nabandika usawa wa kifua. Ubaoni nitaandika chini ya mstari wangu. Na wanafunzi nitawaita waandike wenyewe, kitu ambacho wakufunzi wetu wanakisifu kila siku kwa sababu nyingine kabisa. Mkaguzi akija akanikata alama kwa kuwapa watoto mgongo, nitamweleza. Asiponielewa, basi.

Pesa. Bima yangu inabeba sehemu, lakini zile nanga ni za kununua, na bumu mnalijua lilivyo. Mama atatoa kidogo kwenye kikoba, mjomba ameahidi kidogo. Kilichobaki nimekitafutia njia. Kuna kijana mmoja amekuja mara mbili kuuangalia ubao wangu. Ameupapasa, ameuliza kamba ya mguuni ipo, ameuliza palipozibwa pameshikaje. Atalipa mwisho wa mwezi. Mjomba alisema niuache, atatafuta. Nimemwambia hapana. Miezi yote hii utakaa ukutani unanitazama, na mimi sina uhakika na uvumilivu wangu siku ya bamvua zuri. Mbao za mkono wa pili zipo, watu wanaondoka nchini kila siku.

Sijui likishonwa litashika au nitakuwa kwenye ile 16. Hilo halijulikani mpaka lijulikane. Ila uamuzi umetoka kwangu, na kila niliyemsikiliza ameniachia kitu ndani yake. Tangu nimejibu, nalala. Na mto wangu.

Waliofanyiwa upasuaji wa bega humu naomba mniambie kitu kimoja tu: zile wiki sita mlikuwa mnafunguaje vifungo vya shati? Na mwenye kujua kuandika kwa mkono wa kushoto anifundishe mapema, nina miezi michache ya kujizoeza. Nikifika Handeni nitawaletea habari za huko. Mtandao ukikubali.

Nawasilisha.